Dubai kwa siku moja au mbili: hori, mnara, fremu, makumbusho au jangwa?

Wengi wetu Dubai tunaijua kwa mtaa mmoja. Unafika alfajiri, unalala hoteli ya Deira, siku tatu unazunguka masoko ya Naif na Murshid ukilinganisha bei za jumla, mzigo unaupeleka kago, na siku ya nne uko uwanja wa ndege na begi lililozidi kilo, unabishana na karani. Ukifika nyumbani swali la kwanza ni hilo hilo: "Burj Khalifa ulipanda?"

Miaka ya mwanzo jibu langu lilikuwa kucheka tu. Baadaye nikajifunza kuiba nusu siku katika kila safari, na siku hizi ndugu na majirani hunipigia wakiwa wamekwama. Mmoja ana saa tisa za kungoja ndege ya Guangzhou. Mwingine anapeleka watoto. Mwingine yuko fungate na mkewe hataki hata kusikia habari za maduka ya jumla. Wote huuliza niende wapi, na sijawahi kuwapa jibu moja.

Sehemu ambazo watu hubabaika kati yake ni tano: hori la mji wa zamani, Burj Khalifa, Dubai Frame, Museum of the Future na jangwani. Zipo nyingine, lakini hizi ndizo zinazogombea ile siku moja uliyonayo.

Kwanza, tupime kwa nini

Kila sehemu nitaipima kwa mambo yale yale: pesa, muda, jua, namna ya kufika, na nani inamfaa.

Pesa ya kule ni rahisi kupigia hesabu kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirhamu 3.67, mwaka nenda mwaka rudi. Bei za tiketi ndizo zisizotulia. Hupanda kwa msimu na hata kwa saa, kwa hiyo nitakazotaja zichukue kama kipimo, kisha uangalie kwenye tovuti ya mahali penyewe kabla hujatoa kadi.

Jua ndilo watu wetu wanalolidharau. Mtu wa Dar au Mombasa husema joto nimezaliwa nalo. La kwetu lina upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba, mchana wa Dubai hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari unakushika kooni. Desemba hadi Februari ni jambo jingine kabisa: mchana nyuzi ishirini na kitu, usiku unataka sweta. Sehemu ile ile inaweza kuwa raha Januari na adhabu Agosti, kwa hiyo ukiuliza wapi, uulize na lini.

Usafiri wa mgeni ni metro na teksi. Kadi ya nol ya rangi ya fedha inauzwa dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni nauli iliyomo ndani. Safari moja ni dirhamu 3 hadi 7.50 kulingana na umbali. Ndani ya metro usile wala usinywe, na kama wewe ni mwanaume usijisahau ukapanda behewa la wanawake na watoto: kila kosa hapo ni faini ya dirhamu 100. Na mwenye marobota asijisumbue, mizigo inaruhusiwa miwili tu kwa mtu, na ukubwa wake una kipimo.

Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Dubai iko mbele ya Nairobi, Dar na Kampala kwa saa moja, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa mbili.

La mwisho kabla hatujaingia mjini: ukiwa unapitia tu, viza ya mpito ya saa 48 au 96 huombwa kabla ya safari kupitia shirika la ndege. Usifike pale ukidhani utaipata dirishani.

Hori na mji wa zamani

Waarabu hupaita Khor Dubai, na khor ni hori, neno letu lile lile: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Mji ulianzia hapa, Deira ng'ambo hii na Bur Dubai ng'ambo ile. Ngome ya Al Fahidi iliyoko Bur Dubai ni ya 1787. Mafuta yaligunduliwa 1966 tu. Kabla yake riziki ilikuwa lulu na biashara ya majahazi, na hori lilipoanza kujaa mchanga, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, mtawala wa Dubai wakati huo, alilichimbua upya mwishoni mwa miaka ya 1950 ili vyombo vikubwa viingie. Anayetaka kujua mji huu ulitajirikaje aanzie kwenye tope hilo.

Mpaka leo majahazi ya mbao yanafunga gati upande wa Deira, yamejazwa majokofu, matairi na maboksi ya vyakula. Ukipita karibu unaweza kudhani uko bandari ya zamani ya Mombasa.

Udugu huo si wa macho tu. Ingia nyumba mojawapo ya zamani katika mitaa ya Al Fahidi au Shindagha, uinue kichwa utazame dari. Zile ni boriti za mikoko, na mikoko hiyo kwa sehemu kubwa ilikatwa kwetu, Lamu na Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, sawasawa na nyumba za mawe za Lamu. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, na wakati huo Dubai ilikuwa imeshahamia kwenye zege. Mara ya kwanza nilipojua nilichokuwa nakitazama, nilikaa chini ya dari ile muda mrefu kuliko nilivyokaa juu ya ghorofa lolote la mji huo.

Juu ya nyumba hizo utaona minara ya upepo, barjeel, iliyoletwa na wafanyabiashara waliohama kutoka Bastak, Uajemi. Mnara uko wazi pande nne. Upepo wa upande wowote unanaswa na kusukumwa chini chumbani. Simama chini yake siku ya joto utausikia shingoni.

Kuvuka hori ni kwa abra, mashua ya mbao isiyo na ukuta. Nauli ni dirhamu 1, unampa nahodha mkononi mkiwa majini. Ng'ambo ya Deira unashukia karibu na Soko la Viungo: iliki, zafarani, ubani, ndimu kavu, karafuu. Muuzaji akisikia unatoka Zanzibar atakuapia karafuu zake ni za kwenu. Huenda ni kweli, huenda anakuuzia tu. Hatua chache mbele ni Soko la Dhahabu, ambako bei ya gramu ya siku huwa imebandikwa na haina mjadala. Unapatana ujira wa fundi. Hapo ndipo pa kukaza shingo. Ukinunua, toa pasipoti uombe risiti ya kurudishiwa kodi ya asilimia 5 uwanja wa ndege. Manunuzi yanayokubalika yanaanzia dirhamu 250.

*Pesa:* ukitembea, ukavuka na kurudi, huli hata dirhamu 10, ukiwa na nguvu ya kujizuia sokoni. Makumbusho ya Al Shindagha ni kama dirhamu 50.

*Muda:* saa tatu kwa mwendo wa haraka, nusu siku kwa mwendo wa kibinadamu.

*Jua:* hapa ndipo udhaifu wake. Kiangazi, kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, si mahali pa kupeleka mzazi wako. Nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala.

*Kufika:* metro ya kijani, kituo cha Al Ras kwa masoko ya Deira, Al Ghubaiba kwa ng'ambo ya pili. Wanaolala Deira watembee.

*Inamfaa:* mwenye fedha kidogo, mwenye saa chache, mpenda historia, mtu wa pwani atakayeona ujamaa kila kona. *Haimfai* aliyekuja kuona Dubai ya kwenye picha. Huyo atalalamika kuwa umemleta Kariakoo, na vijana wanaokufuata nyuma wakinong'ona "mikoba, saa, kopi nzuri" hawatakusaidia kumbishia.

Burj Khalifa na viunga vyake

Mita 828, ghorofa 163, ulifunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Wakati wa ujenzi uliitwa Burj Dubai; siku ya uzinduzi ukapewa jina la Sheikh Khalifa bin Zayed, mtawala wa Abu Dhabi na rais wa Falme za Kiarabu wakati huo, baada ya Abu Dhabi kuinusuru Dubai kwenye madeni. Urefu wake si wa kusimulia tu: masheikh wa Dubai walitoa fatwa kwamba wakazi wa ghorofa za juu ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kufuturu, na walio juu ya ya 150 dakika tatu, maana wao jua bado wanaliona.

Mgeni hupandishwa ghorofa ya 124 na 125, na anayelipa zaidi hufika ya 148. Lifti inakwenda mita 10 kwa sekunde na masikio yanaziba kama kwenye ndege. Juu unaona mji ukiwa kama ramani: bahari huku, jangwa kule, na barabara ya Sheikh Zayed katikati.

Sasa niseme wazi. Siku ya vumbi au ukungu, na siku hizo si haba, unalipa pesa nzima kuona weupe. Angalia anga asubuhi kabla hujanunua. Na picha ambayo watu wa nyumbani wanaitaka, wewe na mnara nyuma yako, inapigwa chini, bure.

Huko chini kuna mengi ya bure kuliko watu wanavyodhani. Chemchemi ya Dubai hucheza kwa muziki jioni kila baada ya nusu saa hivi, maji yakiruka hadi mita 150. Mwaka 2025 ilizimwa miezi kadhaa kwa matengenezo, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba inafanya kazi. Ndani ya Dubai Mall, jengo la maduka lililo kando ya mnara, tangi la samaki lina ukuta wa kioo mkubwa kama uso wa nyumba. Papa na taa unawaona ukiwa umesimama kwenye ujia wa maduka, bila tiketi. Tiketi ni ya kuingia kwenye handaki lililo chini yake.

*Pesa:* ghorofa ya 124 na 125 huanzia chini kidogo ya dirhamu 200 saa za kawaida na hupanda sana wakati wa machweo. Ya 148 ni kama mara mbili yake. Chini ni bure.

*Muda:* kupanda na kushuka saa moja na nusu hadi mbili, foleni ikiwemo. Ukijumlisha chemchemi na kuzunguka, jioni nzima.

*Jua:* halikupati. Hii ndiyo sehemu ya Agosti.

*Kufika:* metro nyekundu, kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Usidanganywe na jina la kituo: kutoka hapo mpaka madukani ni kutembea zaidi ya dakika kumi ndani ya njia ya juu yenye kiyoyozi. Mwenye magoti mabovu achukue teksi.

*Inamfaa:* anayekuja mara ya kwanza na huenda asirudi, mwenye watoto wanaovumilia foleni, wapenzi. *Haimfai* mwenye kizunguzungu, wala anayeikokotoa tiketi kwa shilingi huku moyo ukimuuma. Furaha ya kule juu haitoshi kufidia.

Dubai Frame

Ni fremu ya picha kwelikweli, mita 150 kwenda juu, iliyosimamishwa kwenye bustani ya Zabeel na kufunguliwa Januari 2018. Unapanda lifti, unatembea juu ya daraja linalounganisha nguzo mbili, na katikati sakafu ni kioo. Upande wa kaskazini ni Deira na mji wa zamani, upande wa kusini maghorofa marefu. Yaani mjengo mzima umebuniwa kwa ajili ya kugeuza shingo tu, na hufanya kazi hiyo vizuri.

*Pesa:* kama dirhamu 50. *Muda:* saa moja inatosha. *Jua:* ndani uko salama, ila kutoka getini kuna mwendo. *Kufika:* metro inakuacha mbali, hapa teksi ni bora. *Inamfaa:* anayetaka kupanda juu kwa robo ya bei ya mnara, na anayetaka Burj Khalifa ionekane kwenye picha zake. *Haimfai* mwoga wa kioo. Nimemwona mzee mzima mwenye heshima zake akipita pembeni amekumbatia ukuta, wajukuu wanaruka katikati.

Museum of the Future

Hili ndilo lile duara lenye tundu, limeandikwa Kiarabu mwili mzima, kando ya barabara ya Sheikh Zayed. Lilifunguliwa tarehe 22 Februari 2022, lina urefu wa mita 77, na ndani halina nguzo hata moja. Maandishi ni maneno ya Sheikh Mohammed bin Rashid, mtawala wa Dubai, kwa mkono wa msanii Mattar bin Lahej, na kila herufi ni dirisha. Usiku taa zikiwaka, unasoma ukuta kwa mwanga unaotoka ndani.

Kuhusu yaliyomo, watu hugombana. Wanaoingia wakitarajia makumbusho kama ya Nairobi au Dar, yenye vitu vya kale na vibao vya maelezo, hutoka wamenuna. Humo hakuna kitu cha kale. Unapandishwa chombo cha angani cha kubuni, mwaka ni 2071, ambao utakuwa wa mia tangu Falme za Kiarabu zianzishwe. Unapita msitu wa Amazon wa taa na sauti, na chumba cha kutulia cha maji, mwanga na mitetemo. Kijana wangu aliona saa mbili ni chache. Mimi baada ya saa moja nilikuwa natafuta kiti.

*Pesa:* dirhamu 150 hadi 170 hivi. *Muda:* saa mbili hadi tatu, na tiketi ni ya saa maalumu, ikate siku kadhaa mapema. *Jua:* hakuna. *Kufika:* rahisi kuliko zote, kituo cha Emirates Towers kiko mlangoni. *Inamfaa:* vijana, wanafunzi wa usanifu na uhandisi, watoto wadogo kwa ghorofa yao. *Haimfai* anayeona nje pametosha, na nje kweli panatosha kwa wengi: shuka metro, piga picha zako, panda inayofuata.

Jangwani

Wanaiita "safari", neno letu, ambalo mzizi wake ni wao. Limezunguka dunia likarudi mchangani likiwa na maana ya kurushwarushwa kwenye gari. Dereva anakuchukua hotelini kati ya saa nane na saa tisa mchana. Mkifika ukingo wa matuta, Lahbab mara nyingi, ambako mchanga ni mwekundu, anasimama, anapunguza upepo wa matairi, anawaambia mfunge mikanda. Nusu saa inayofuata ni matuta, kelele na dua. Kisha jua linazama, na hilo halina mpinzani katika orodha yote hii: mchanga unageuka rangi kila dakika mpaka unakuwa wa zambarau. Halafu kambini, ngamia wa kupanda, hina, nyama choma, ngoma, na saa tatu usiku mko njiani kurudi.

Tofauti ya kampuni na kampuni ni kubwa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo soma kilichomo kwenye bei. Niliwahi kuchukua ya rahisi kuliko zote: gari saba ndani ya vumbi moja, kambi kama harusi ya mtaa mzima, na pikipiki za mchangani "zilizojumuishwa" zikalipiwa upya. Safari iliyofuata niliongeza pesa, tukaenda wachache, na nikajua jangwa kumbe lina ukimya.

Asiyetaka kurushwa anaweza kuulizia ziara za ndani ya hifadhi ya jangwa ya Dubai, kilomita za mraba 225, ambako wamerudishwa choroa weupe wa Uarabuni, mnyama aliyekuwa ametoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu wa Serengeti au Tsavo asiende na hesabu za makundi. Ukiona choroa sita kwenye tuta tupu, umeona.

*Pesa:* ya kundi huanzia dirhamu mia na ushei. Gari lenu peke yenu au kambi ya hifadhini ni mamia kadhaa. *Muda:* mchana mzima na jioni yake, siku hiyo usipange kingine. *Jua:* Novemba hadi Machi ni raha tupu. Julai unaenda kwa ubishi wako. *Kufika:* wanakufuata, na ni afadhali, maana metro haifiki. *Inamfaa:* fungate, kundi la marafiki, aliyechoka na viyoyozi. *Haimfai* mjamzito, mwenye mgongo, mtoto mchanga, na aliyetoka kula pilau.

Ufukwe sijaupa sehemu yake, na mtu wa bara atanilaumu. Jumeirah na Kite Beach ni bure, maji ni safi, na Burj Al Arab unaipiga picha kutoka mchangani. Lakini aliyekulia Nungwi au Diani hana sababu ya kutumia siku yake moja kutazama bahari.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kabla ya yote, usilipie urefu mara mbili. Mnara na fremu vinakuonyesha mji ule ule. Chagua kimoja, na pesa iliyobaki itafute kitu cha chini.

*Unangoja ndege, saa saba hadi kumi, mchana.* Hori, bila kufikiri sana. Kutoka Terminali 1 au 3 panda metro nyekundu hadi Union, hamia ya kijani, shuka Al Ras. Vuka kwa abra, kula, rudi. Ukitua Terminali 2, haina kituo cha metro, lakini teksi mpaka Deira si mbali. Jiwekee saa tatu za kurudi uwanjani, maana foleni ya pasipoti haina rafiki.

*Unangoja ndege usiku.* Masoko yatakuwa yanafunga. Burj Khalifa kwa chini, chemchemi na kioo cha samaki, na uangalie saa ya metro ya mwisho au utenge nauli ya teksi.

*Umekuja kununua mzigo na una nusu siku tu.* Inategemea umelala wapi na umechoka kiasi gani. Kama Deira umeikanyaga siku nne, hori litakuwa kazi tena; chukua fremu jioni, iko karibu na ni nafuu. Kama ulikuwa maghala ya nje ya mji, mji wa zamani utakupumzisha.

*Una watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili.* Museum of the Future asubuhi, kisha Dubai Mall mpaka jioni wakaone maji yakiruka. Jangwa liache mpaka wakubwa kidogo, au chukua ziara isiyo ya kurushwa.

*Unampeleka mama au baba.* Msimu wa baridi, hori: abra inakwenda taratibu, viti vya kupumzika vipo, na mazungumzo hayaishi kwa sababu kila kitu kitawakumbusha kitu. Msimu wa joto, mnara, kwa teksi mpaka mlangoni, tiketi ya saa isiyo ya machweo.

*Fungate, siku mbili, Desemba.* Jioni ya kwanza jangwani na kampuni ya wachache. Ya pili ghorofa ya 124 wakati wa machweo kama mfuko unaruhusu, na kama hauruhusu, keti ukingoni mwa chemchemi.

*Agosti, na huna namna.* Ndani mchana kutwa, mnara au makumbusho. Hori lisubiri baada ya magharibi, taa za Deira zinapowaka na nahodha wa abra anaita watu wawili wa mwisho ili ang'oe. Shika dirhamu yako mkononi kabla hujakaa, maana hana chenji ya noti ya mia.